Harambee Peke Yake Haimtayarishi Mtoto
(Maneno yaliyosemwa na wanachama wa kikundi kimoja cha kujisaidia kutoka Taita, katika mkutano wa vikundi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kumtayarisha mtoto anayetoka nyumbani kwenda chuo kikuu. Tulipopata mwaliko tulicheka kidogo, kwa sababu kikundi chetu si cha walimu. Sisi ni wakulima wa mboga huko milimani. Kabichi zetu huteremka Voi, na nyingine hufika Kongowea, Mombasa. Kati yetu hakuna hata mmoja aliyesoma chuo kikuu. Lakini tumepeleka watoto wanne, na yule wa kwanza tulimpeleka vibaya. Hiyo ndiyo habari tuliyo nayo.

Mwaka ulikuwa 2016. Binti wa mwenzetu aliitwa chuo kikuu cha serikali, mbali sana, huko Bonde la Ufa. Mwenyewe ametukubalia tuyaseme haya, ila jina lake tusilitaje, wala la chuo. Kijijini kwetu hakuna msichana aliyewahi kufika hapo. Basi, si mnajua wenyewe ilivyokuwa! Tuligawa kadi za mchango, tukaalika watu mpaka wa ng'ambo ya bonde, mbuzi wawili wakachinjwa, kwaya ikaimba, kila kikundi kikaja na bahasha yake na jina likasomwa mbele ya watu. Tulipata shilingi 61,000. Tukalipa karo ya mwanzo na malazi, tukanunua godoro, sanduku, blanketi mbili nzito, viatu na koti la baridi. Alipopanda gari pale Wundanyi alikuwa na nauli na shilingi 3,000 mfukoni. Sisi tukarudi nyumbani tumeridhika. Tulisema kazi yetu imekwisha, sasa mkopo wa serikali utambeba.

Mkopo ulichelewa. Ulimfikia semista ikikaribia kwisha. Aliporudi Desemba, mama yake alimtazama mara mbili kabla ya kumkumbatia, kwa vile alivyokonda. Tulidhani ni malaria. Haikuwa malaria. Kwa wiki saba alikuwa anakula mara moja kwa siku, chai na mkate jioni, na siku nyingine maharagwe ya mwenzake wa chumba. Mtihani mmoja hakuufanya kabisa. Siku hiyo alishindwa kuamka.

Tukamwuliza: mbona hukupiga simu, na simu unayo? Alinyamaza sana. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo tukilikumbuka linatuchoma. "Ningemwambia nani? Kijiji kizima kilisimama kikatoa, jina la kila mtu likasomwa. Nikisema nina njaa wiki ya tano tu, mtaniuliza zile pesa nimezifanyia nini."

Na ukweli ni kwamba tungemwuliza. Tusijifanye watakatifu hapa. Mmoja wetu alikuwa ameshasema sokoni kwamba msichana akifika mjini pesa huishia kwa nywele. Kwa hivyo yule mtoto alitujua vizuri kuliko tulivyojijua. Tulimpa godoro na sanduku, na wakati huo huo tukamfunga mdomo kwa wema wetu.

Siku hiyo tukaanza kufikiri upya.

Jambo tulilobadilisha haraka ni pesa za harambee zenyewe. Siku hizi hatuzitumii zote kabla mtoto hajaondoka. Sehemu inalipa yale ya lazima, na inayobaki inakaa na mhazini, imeandikwa kwa kitabu. Kila wiki mbili anamtumia mtoto kwa M-Pesa, semista yote ya kwanza, awe ameomba au hajaomba. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Mtoto akilazimika kuomba kila mara, tumerudi pale pale. Mwanzoni mhazini alikuwa anaandika ujumbe, "Hizi utumie vizuri." Tukamwomba aache.

Na sherehe tumeipunguza. Chai na mandazi zatosha. Mbuzi wawili wa 2016, mkipiga hesabu ya bei yao, wangemlisha yule binti mpaka mkopo ufike.

La pili ni gumu zaidi kwa watu wetu. Tunachagua mtu mmoja ambaye mtoto anaweza kumpigia simu na kumwambia lolote: njaa, ugonjwa, mtihani ulioanguka, hata mimba. Mtu huyo si mzazi, na si ofisa wa kikundi. Kwetu ni mama mmoja mzee mwenye kibanda cha mboga. Hajui kusoma sana, lakini kinywa chake kina mlango. Tulimkataza kutuletea habari mkutanoni. Akihitaji msaada anasema tu, "Mtoto ana shida, nipeni elfu mbili," nasi tunatoa bila kuuliza. Wanaume kwa kikundi walipinga sana. Walisema huo ni ufujaji. Mpaka sasa, kwa watoto watatu, amekuja kuomba mara nne tu.

Mtoto mwenyewe pia tunamwambia ni nani wa kumwona huko huko chuoni, kwa maana sisi tuko mbali. Kuna ofisi ya maslahi ya wanafunzi, kuna zahanati ya chuo, na vyuo vingi vina kasisi. Aziulize ofisi hizo ziko wapi wiki ya kwanza, kabla hajazihitaji. Na ajue kwamba mwanafunzi akiugua wakati wa mtihani, anatakiwa kutoa habari mapema na kuwa na karatasi ya daktari. Binti yetu alinyamaza kwa hilo pia, na kunyamaza kulimgharimu mwaka wa kurudia somo.

Sasa tuje kwa fomu. Wazee wetu wanakumbuka zamani serikali ilipomlipia mwanafunzi karibu kila kitu. Mikopo ilianza 1974, mzazi akaanza kuchangia karo 1991, na ile bodi tunayoiita HELB ikaundwa kwa sheria mwaka 1995. Wengi wetu tunadhani pesa za HELB ni zawadi ya serikali. Hapana, jameni. Ni deni, limeandikwa kwa jina la mtoto, na atalilipa na riba akimaliza masomo. Sehemu yake huenda chuoni moja kwa moja kulipa karo, na sehemu humfikia mtoto kwa matumizi. Huja kwa awamu, na mwanafunzi mpya ndiye husubiri zaidi. Kwa hivyo usipange chakula cha mwezi wa kwanza kwa pesa za mkopo.

Tangu 2023 wanaoingia mwaka wa kwanza wamewekwa katika mpango mwingine: kuna ufadhili usiorudishwa, kuna mkopo, na kuna sehemu ya mzazi, na kila nyumba hupimwa kulingana na hali yake. Mpango huo umefikishwa mahakamani na masharti yake yamekuwa yakibadilika. Basi mtu asije akakuambia, "Sisi mwaka juzi tulifanya hivi." Soma tangazo la mwaka wenu.

Linalotuhusu zaidi ni lile neno, hali ya nyumbani. Fomu inauliza mapato ya baba, mapato ya mama, na watoto wangapi bado wanasoma. Sasa niambieni, ni mtoto gani wa hapa anayejua baba yake anapata pesa ngapi? Yule binti aliketi peke yake kwa saiba akajaza kwa kukisia. Aliandika kwamba baba ana biashara, kwa sababu aliona aibu kuandika kwamba ile biashara ilikufa 2014. Nyumba yenye biashara haipimwi sawa na nyumba isiyo na kitu.

Kwa hivyo sasa tunawaambia wazazi: fomu ijazwe kwanza kwa karatasi, nyumbani, mezani, baba na mama wakiwa pale. Mhesabu mbele ya mtoto. Kabichi msimu huu zilitoa ngapi, deni la dukani ni ngapi, ng'ombe ni wangapi na ni wa nani. Wanaume wengi hawataki. Mmoja wetu alitoka nje akakaa chini ya mwembe nusu saa nzima kabla ya kurudi kusema alichokuwa nacho. Lakini mtoto akijua ukweli wa nyumbani, hata huko chuoni hataona aibu kusema kwamba pesa zimekwisha, na wala hataomba ile isiyokuwepo. Kisha ndipo aende kwa saiba. Nywila yake aishike mwenyewe, asimwachie kijana wa saiba wala mjomba, na namba ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake.

Karatasi nyingine mnazijua: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya matokeo, cheti cha kumaliza shule. Kitambulisho ndicho huchelewesha watoto. Akifika miaka 18 aombe mara moja, asingoje barua ya chuo. Nakala moja ya kila kitu ibaki nyumbani.

Safari hatutaisema sana. Ila mtoto wa kutoka kwetu akipanda treni pale Voi ajue kwamba haimshushi katikati ya Nairobi. Inaishia Syokimau, na pale kuna gari lingine la kupanda. Asifike usiku. Sanduku lisimshinde kubeba peke yake. Hebu alibebe kutoka nyumbani mpaka stendi kama jaribio, ndipo mtajua.

Na kupika. Hapa tuna neno na akina mama. Binti zetu wanajua kupika kwa jiko la kuni kwa watu wanane, lakini hawajui kununua chakula cha mtu mmoja cha wiki moja. Wavulana ndio kabisa. Wanajua kula tu. Kati ya matokeo na siku ya kuondoka kuna miezi mingi. Tunaitumia hivi: kwa mwezi mmoja mtoto ndiye anayeshika pesa za matumizi ya nyumba yote. Anapewa zote siku ya kwanza, kidogo kama zilivyo, na kitabu cha kuandikia. Zikiisha zimeisha.

Yule binti, kwa wale wanaouliza, alirudia somo lake na akamaliza 2021. Sasa yuko kazini, analipa HELB kidogo kidogo, na akirudi nyumbani ndiye anayeketi na wazazi kwa zile fomu.

Mwaka huu tuna kijana mmoja anayeondoka Septemba. Mwezi huu ndiye ameshika pesa za nyumba yao. Alinunua nyama mara mbili wiki ya kwanza, na kwa hivyo tokeni za stima ziliisha siku tisa kabla ya mwezi kwisha. Tangu juzi wanatumia koroboi, wote sita. Mama yake alitujia jana akiwa na shilingi mia mbili mkononi, anataka kununua tokeni bila kijana kujua. Tulimwomba sana azirudishe kibindoni.