Léon Mokuna, Mchezaji na Kocha



Ukiwauliza wazee wa Uvira habari za Léopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, watakuanzia Kombe la Afrika la 1968, bao la Kalala lililoipiga Ghana kule Addis Ababa, kisha watarukia 1974 na mabao 9 ya Ndaye Mulamba kule Misri. Jina la Léon Mokuna hulisikii. Linaniuma, kwa maana yeye alitangulia.

Mokuna aliondoka Léopoldville mwaka 1954 kwenda kuichezea Sporting ya Lisbon. Ulikuwa mwaka uleule Chuo Kikuu cha Lovanium kilipoanza: nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji tangu 1908 ndiyo kwanza inapata chuo kikuu, na kijana wake tayari analipwa mshahara wa mpira Ulaya. Tena hakupokelewa na Ubelgiji. Alipokelewa na Ureno, ambako Matateu wa Msumbiji alikuwa akiifungia Belenenses tangu 1951. Wabelgiji walikuwa wakibana mno safari za Wakongomani kwenda kwao. Mokuna alifika huko 1957, alipochukuliwa na La Gantoise ya Gent, na mwaka huohuo Mkongomani mwenzake Paul Bonga Bonga akaenda Standard ya Liège. Mokuna mashabiki walimwita Trouet kwa ukali wa mashuti yake.

Baadaye akawa kocha, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Mwaka 1965 aliiongoza timu ya taifa kule Tunisia, Kongo ikishiriki Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, miaka 5 tu baada ya uhuru na katikati ya vita vya ndani ambavyo Uvira hii iliviona kwa macho. Walicheza na Ghana, iliyoondoka na kombe, na Côte d'Ivoire. Wakafungwa na zote mbili. Mwaka 1968 tulikuwa mabingwa chini ya Ferenc Csanádi wa Hungaria, na 1974 chini ya Blagoje Vidinić wa Yugoslavia. Basi watu wakazoea kuamini kwamba ushindi wetu lazima uletwe na mzungu.

Siikubali hesabu hiyo. Makocha wale walifanya kazi nzuri na ninawaheshimu, lakini kikosi cha kwanza cha nchi changa kilikuwa na mzigo ambao waliokuja baadaye hawakuubeba. Na CHAN, kombe la wanaocheza ligi za nyumbani, tumelitwaa 2009 na Santos Muntubila, tukalitwaa tena 2016 kule Kigali na Florent Ibenge. Wote wawili ni Wakongomani.

Mokuna alifariki 2020. Katika mji huu wapo wazee waliofundisha vijana mpira miaka mingi, na kazi yao haijaandikwa popote. Ninawaomba wanafunzi wa historia mnaotafuta mada ya utafiti muwafuate nyumbani kwao, mkawasikilize na kuandika: walijifunza ukocha kwa nani, walilipwa nini, na vijana wao waliishia wapi.