Nani Ameleta Haya? Hotuba juu ya Maafa



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya maafa, na jinsi dini na elimu zinavyoyaeleza. Tuanze na lugha yetu. Neno msiba asili yake ni Kiarabu, nalo ni jambo lililompata mtu, kama mshale upatavyo shabaha. Balaa kwa asili ni jaribio. Tena wako waliotazama nyota wakasema siku hii ina nuhusi. Na Waingereza vilevile, maana neno lao moja la maafa limetokana na nyota mbaya. Basi katika hili hapana wa kumcheka mwenzake.

Tutwae mfano wa nchi yetu ya Tanga. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe. Mwaka 1894 nzige wakaingia Uzigua na Bonde wakala mashamba. Na ilipofika 1898 na 1899 mvua ikakosekana, ikaja njaa na ndui. Watu waliacha vijiji vyao, wengine wakashuka pwani kutafuta chakula, na wako waliowaweka watoto wao rehani. Ndipo likaulizwa swali lile la siku zote: Nani ameleta haya?

Kwa Mwislamu hiyo ni kadari ya Mungu na mtihani kwa waja wake, na aliyesalimika yampasa kutoa. Mkristo anazo habari za Ayubu, ambaye rafiki zake walishikilia kuwa hakosi amefanya dhambi, na mwishowe Mungu akawakemea hao rafiki. Tena katika Injili ya Luka, Yesu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Habari hii sisi tuliosomeshwa misheni huisoma upesi mno, kisha jirani akifiwa twanong'ona: Hapakosi jambo.

Walakini jibu la Washambaa ndilo lililotushangaza. Wao walinena juu ya kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme wa Kikilindi alipotawala Vugha bila mshindani, mvua ilinyesha. Wenye nguvu wawili waliposhindana, nchi ilikauka. Ujanani tulidhani ni ushirikina mtupu. Lakini tazameni: alipokwisha kufa Kimweri ye Nyumbai, katika miaka ya 1860, Wakilindi walipigana wao kwa wao, watu wakatekwa na kuuzwa, mashamba yakaachwa. Hapo njaa haikungoja mvua ikosekane.

Mwaka 1981 mtaalamu wa uchumi Amartya Sen, ambaye utotoni aliiona njaa ya Bengali ya mwaka 1943, alitoa kitabu kuonyesha kwamba watu huweza kufa kwa njaa na chakula kipo nchini, kwa kuwa hawana njia ya kukipata. Wenye elimu ya maafa nao husema kuwa mvua kubwa peke yake si maafa. Huwa maafa ikikuta nyumba bondeni na daraja bovu. Tukirudi kwa nzige wetu, Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, nao walitaka watu wa kazi, na katika mashamba yao ya Usambara pia. Kodi ya nyumba ikaanza mwaka 1898, mwaka uleule wa ukame. Nzige hawatozi kodi.

Sisi makarani tumepata kuandika shauri la mama mmoja mzee aliyeshtakiwa kuwa ameifunga mvua. Shamba lake mwenyewe lilikuwa limekauka kama ya wengine. Mashahidi walikuwa wengi, na maneno yao yalijaza kurasa nyingi za daftari; wala hapana hata mmoja aliyeulizwa ghala zilibaki na nini baada ya mavuno, na nafaka iliyouzwa iliuzwa kwa amri ya nani.