Viti Vile vya Kiswahili ni vya Watoto Wetu
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu na Utamaduni katika sherehe ya Uhuru, Saint Paul)

 

Tunapoadhimisha 9 Desemba 1961, tumeona tuzungumzie uhuru ambao haukuja siku moja na bendera: uhuru wa lugha zetu kuingia chuo kikuu.

Nyumbani, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ikafunguliwa pale Mlimani. Wahadhiri wakafundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili chenyewe. Istilahi zilizokosekana ziliundwa, na leo mtoto wa sekondari anataja "kiambishi" bila kujiuliza neno lilitoka wapi. Nigeria nako, wataalamu kama Ayo Bamgbose walikusanya istilahi ili Kiyoruba kifundishwe kwa Kiyoruba.

Hapa Minnesota, mlango ulifunguliwa na wengine. Tarehe 14 Januari 1969 wanafunzi weusi wapatao 70 waliingia jengo la Morrill Hall, Chuo Kikuu cha Minnesota, wakakataa kutoka mpaka wasikilizwe. Mojawapo ya madai yao ilikuwa idara ya masomo ya watu weusi, nayo ikaanzishwa mwaka huohuo. Katika idara hiyo Kiswahili na Kisomali vimefundishwa. Vijana wale hawakuzaliwa Tanga wala Kigoma, lakini matunda ya ujasiri wao yametufikia sisi.

Ndugu zangu, somo la chuo huishi kwa idadi ya wanafunzi. Wakipungua, darasa hufutwa, mwalimu huondoka, na kulirudisha ni kazi kubwa. Nasi wazazi tunasema, "Kiswahili cha nini? Asome uuguzi." Asome uuguzi, ndiyo! Lakini wagonjwa wa miji hii miwili wametoka pande nyingi za dunia, wakiwemo wazee wetu wenyewe. Muuguzi anayeweza kumsikiliza bibi kwa lugha yake ana ujuzi wa ziada.

Tena kuna faida ya wazi. Kwa sheria ya jimbo ya mwaka 2014, mwanafunzi wa sekondari anayethibitisha kwamba anaimudu lugha nyingine pamoja na Kiingereza anaweza kutunukiwa muhuri wa lugha mbili, na vyuo vya Minnesota State huuhesabu katika masomo ya chuo. Hiyo ni karo inayookolewa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Tuzungumze Kiswahili nyumbani, na mtoto akijibu kwa Kiingereza, tusichoke. Tuulize shuleni kwake kuhusu muhuri huo kabla hajafika mwaka wa mwisho. Na akiingia chuo chenye somo la Kiswahili, tumhimize ajiandikishe, hata kama anadhani anakijua. Kuongea ni jambo moja, kuandika insha ni jingine.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Sisi tulishakataa utumwa.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.