Je, Meno Mabaya Hupinda Mgongo?

Mazungumzo ya afisa wa fiziotherapia wa kaunti na wakazi wa Karagita, Naivasha

Najua wengi wenu mmetoka zamu na miguu imechoka. Mwenye kiti akae, asiye na kiti aegemee ukuta.

Niliombwa nizungumze juu ya maumivu ya mgongo, lakini nitaanzia mdomoni. Hivi karibuni mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 13. Bega moja lilikuwa juu ya lingine, na akiinama, upande mmoja wa mbavu ulikuwa umetokeza. Mama alikuwa ameambiwa na mtu anayetembeza bidhaa za meno kwamba taya la mtoto limekaa vibaya, na kwamba taya ndilo linalovuta mgongo. Anunue kifaa cha kuvaa mdomoni usiku, mgongo utanyooka wenyewe. Akalipa kidogo kidogo kwa miezi minane. Mgongo ukazidi kupinda.

Simlaumu mama huyo. Alichoambiwa kina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu kinauzika.

Hebu tujaribu pamoja. Keti wima, gonganisha meno polepole. Sasa sukuma kichwa mbele, kama mtu anayesoma simu, ugonganishe tena. Halafu rudisha kichwa nyuma kabisa, ugonganishe mara ya tatu. Mmeona? Meno hayakutani mahali pamoja. Taya la chini linaning'inia kwenye viungo viwili vidogo mbele ya masikio, na misuli yake inashirikiana na ya shingo. Kichwa kikisogea, taya linasogea. Ndiyo maana mtu anayeinama siku nzima akipanga maua mezani anaweza kwenda nyumbani na taya limekaza na kichwa kinauma, akadhani ni jino.

Kwa hiyo shingo inaweza kulisumbua taya. Je, taya linaweza kuupinda uti wa mgongo? Watafiti wameona kwamba watoto wenye mgongo uliopinda hukutwa mara nyingi zaidi na meno yasiyokutana sawasawa. Wameona pia kwamba ukiuma meno kwa nguvu, namna mwili unavyoyumba hubadilika kidogo kwa muda. Lakini mambo mawili kukutwa pamoja si kusema moja limezaa lingine. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kifaa cha mdomoni hunyoosha mgongo wa mtoto. Meno yaliyopangana vibaya yatibiwe kwa ajili ya meno. Kinachotusaidia tusianguke ni macho, sikio la ndani, nyayo na misuli. Taya lina sehemu ndogo sana hapo.

Hasara kubwa ya yule binti haikuwa pesa. Mgongo wa namna hiyo hupinda kwa kasi zaidi wakati mtoto anarefuka, na mshipi maalumu wa kushika kiwiliwili hufaa wakati huo huo, kabla hajamaliza kukua. Miezi minane kwa mtoto wa miaka 13 ni muda mrefu. Mzazi, mwambie mwanao asimame miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining'inia, nawe usimame nyuma yake. Ukiona upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine, mlete hospitali. Na kama uti umetokeza katikati kama nundu, mtoto anakonda, ana homa au anatoka jasho usiku, usingoje hata wiki. Kifua kikuu huingia pia kwenye mifupa ya mgongo, na kwaweza kumpooza miguu. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za umma.

Sasa nije kwa mizigo, maana hapa ndipo migongo yetu mingi inapoharibikia.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikikaa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikisogea mbele, misuli ya nyuma ya shingo inashika kazi hiyo. Wengi wetu tunakumbuka shosho zetu wakibeba kuni na maji mgongoni kwa mukwa, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wengine walibaki na bonde kabisa kwenye paji. Mwaka 1986 watafiti, akiwemo Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika katika jarida la Nature juu ya wanawake wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda na Waluo wanaobeba utosini. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu za ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Dunia ilishangaa. Shosho wasingeshangaa.

Lakini fanyeni hesabu. Mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 uliojaa ni kilo 20, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Kilo zinazozidi hapo unazilipia. Tena shosho alianza akiwa msichana, shingo na mgongo vikazoea taratibu. Wewe unabeba Jumapili tu baada ya siku sita za kusimama grinihausi. Ukiweza, beba mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, au tumia mkokoteni. Ukitumia mkanda, usiume meno, kaza tumbo. Na wasimamizi wa mashamba walio hapa, meza ya kupangia maua ikiinuliwa hadi usawa wa kiwiko, kazi haipungui. Mtu anaacha kuinama, basi.

Kuna swali moja ambalo naulizwa kila nikija upande huu wa ziwa: "Daktari, meno yangu ni ya kahawia na mgongo umekauka. Si ndiyo hayo ya taya?" Hapana mama, si taya. Lakini hujakosea kuviweka pamoja, kwa sababu hapa kwetu meno na mgongo vinaweza kuharibiwa na kitu kimoja, nacho ni maji.

Tunakaa juu ya miamba ya volkano. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yanabeba madini ya floridi. Kidogo huimarisha meno. Kipimo cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi wakati meno ya mtoto yanajijenga ndani ya ufizi, yatatoka na madoa, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Mtu akiendelea kunywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka na miaka, mifupa hukakamaa, kano za mgongo hugeuka ngumu kama mfupa, na mgongo huganda au kupinda.

Jipime hivi: inama uguse vidole vya miguu bila kukunja magoti, gusisha kidevu kifuani, weka viganja nyuma ya kichwa. Ukishindwa, huenda ni uzee au baridi yabisi tu. Njoo upigwe picha ya eksirei tujue. Lakini kama jirani zako wanaochota kisima kimoja nawe wanashindwa pia, mwambieni mhudumu wa afya ya jamii ili maji yapimwe.

Kuchemsha huua viini, hakutoi floridi. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Maji ya mvua yana floridi kidogo sana, kwa hiyo tangi la paa liwe la kunywa na kupikia, hasa kwa watoto, na kisima kiwe cha kufulia. Vichujio vya mkaa wa mifupa, vilivyoenezwa na Jimbo Katoliki la Nakuru, vinafanya kazi, mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati. Na magadi mnayochemshia maharagwe yanaweza kuwa na floridi nyingi. Loweka maharagwe usiku, yataiva bila magadi.

Yule binti sasa anahudhuria kliniki. Mgongo wake hautarudi kama ulivyokuwa, ila tunajitahidi usiendelee.

Tuingie maswali. Mama mwenye mtungi pale nyuma, utue kwanza, halafu uanze wewe.