Kabla ya Koleo: Kipandikizi cha Jino na Mgonjwa wa Kawe



Sanamu mbili za plasta zinazopita mikononi mwenu ni za taya za chini za watu wawili. Ya kwanza ilichukuliwa muda mfupi baada ya gego kung'olewa. Pitisha kidole juu ya pengo: ukingo umejaa, ni mpana. Ya pili ni ya mtu aliyekaa miaka mingi bila gego hilo hilo. Hapo kidole kinazama upande wa shavu, na kilichobaki juu ni chembamba kama mgongo wa kisu. Wote wawili walitaka jino la kupandikiza. Wa kwanza anaweza kulipata kwa upasuaji mmoja mdogo. Wa pili itabidi kwanza aongezewe mfupa, asubiri miezi kadhaa, alipe mara mbili, na bado asihakikishiwe matokeo.

Hoja yangu ni hii: habari ya kipandikizi inatakiwa ianze kuzungumzwa siku mgonjwa anapokuja kung'oa, kabla koleo halijaguswa. Kwetu huanza miaka mitano au kumi baadaye, siku mtu anapotafuta meno ya harusi ya mwanawe.

Mfupa unaoshika jino upo kwa sababu ya jino. Likiondoka, mwili unauyeyusha. Katika miezi 12 ya kwanza ukingo wa pengo la gego unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi 3 tu. Sasa pigeni hesabu. Kipandikizi cha kawaida kina upana wa milimita 4 hivi na urefu wa kama milimita 10. Kinahitaji kuzungukwa na mfupa wa walau milimita 1 kila upande, maana yake ukingo usiopungua milimita 6. Ukikuta milimita 3, hakuna ufundi wa mkono utakaoificha hesabu hiyo.

Ndiyo maana namna ya kung'oa ina uzito. Ukuta wa mfupa upande wa shavu na mdomo ni mwembamba sana, hasa kwenye meno ya mbele ya juu. Anayelisukuma jino nje kwa nguvu ili amalize foleni anauvunja ukuta huo, na mara nyingi unatoka umeng'ang'ania kwenye mzizi. Gego lenye mizizi mitatu likatwe, kila mzizi utolewe peke yake. Najua foleni zetu zilivyo asubuhi. Najua pia kwamba dakika 15 za ziada kwenye kiti zinaweza kumwokolea mgonjwa upasuaji mzima baadaye, na kwa hili sioni nafasi ya kulegeza.

Chanzo cha tiba hii ni Sweden. Mwaka 1952, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titaniamu. Alipotaka kuvitoa vikakataa: mfupa ulikuwa umevikamata. Mwaka 1965, jijini Göteborg, alimpandikizia Gösta Larsson, mwanamume wa miaka 34 aliyezaliwa na kasoro za kinywa na taya. Larsson alifariki mwaka 2006, na vipandikizi vyake vilikuwa bado vinafanya kazi. Ni zaidi ya miaka 40. Wakiniuliza wagonjwa kama kitu hiki hudumu, nawasimulia habari ya mtu huyo.

Utaratibu wenyewe hautishi kama watu wanavyodhani. Mgonjwa anapigwa ganzi ileile ya kung'olea jino, ufizi unafunguliwa kidogo, mfupa unatobolewa taratibu huku maji safi ya chumvi yakimiminika juu ya keekee muda wote. Maji hayo ndiyo yanayoulinda mfupa: ukifikia joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu, unaanza kufa, na mfupa uliokufa haukamati kitu. Kisha skrubu ya titaniamu inakazwa mahali pake na kuachwa. Kwa kawaida tunasubiri kama miezi 3 taya ya chini, na hadi 6 taya ya juu ambako mfupa ni laini zaidi. Baada ya hapo ndipo jino lenyewe linafungwa juu ya skrubu. Kabla ya yote lazima pawe na eksirei nzuri, ikiwezekana ile ya pande tatu, kwa sababu chini kuna mshipa wa fahamu unaokwenda mdomoni na juu kuna uwazi wa pua. Anayetoboa bila kujua vilipo anaweza kumwachia mtu ganzi ya mdomo maisha yake yote.

Nani anahitaji tiba hii hapa Kawe, Dar es Salaam? Wengi walipoteza meno kwa kuoza na kwa ugonjwa wa fizi, walichelewa kuja, na kung'oa ndiko kulikobaki. Hao mnawajua. Nataka nikae zaidi kwenye makundi mawili.

La kwanza ni vijana wa ajali za bodaboda kwenye Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wengi bado tunaiita Old Bagamoyo. Kijana anafika na meno mawili ya mbele yametoka mazimazima, na mara nyingi meno yenyewe yamebaki barabarani. Ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hapa mna nguvu kuliko daktari yeyote. Jino la ukubwani lililong'oka zima linaweza kurudishwa. Lishikwe sehemu inayoonekana kinywani, si mzizi. Lisisuguliwe. Lisuuzwe kidogo kama lina mchanga, lirudishwe kwenye tundu lake, na kama haiwezekani litumbukizwe kwenye maziwa baridi, mtu aharakishwe kwa daktari wa meno. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Ikipita saa moja likiwa kavu, matumaini ni madogo. Jino la maziwa la mtoto, hilo halirudishwi. Wafundisheni madereva kijiweni. Hakuna kipandikizi kinachoshinda jino la mtu mwenyewe.

La pili linaniuma. Bado wapo wazazi wanaoambiwa kwamba homa na kuharisha kwa mtoto kumeletwa na meno ya plastiki, kisha mtoto anapelekwa kwa mganga anayechokonoa ufizi kwa chombo kisicho safi. Kinachotolewa ni chembe ya jino changa, mara nyingi la chonge. Mtoto anaweza kufa kwa kutokwa damu au maambukizi. Anayepona anaweza kukua bila chonge, au meno ya jirani yakaota yamepinda. Tunawaona wakiwa na miaka 14 wakiomba jino, na jibu letu lazima liwe subiri. Taya inayokua inasogea na meno yake. Kipandikizi hakisogei, kinabaki kimezama wakati wenzake wanashuka. Mpaka ukuaji uishe, mara nyingi baada ya miaka 18, na kwa wavulana hata zaidi, tumpe jino la kuvaa.

Wengine wa kuangaliwa kwa makini ni wenye kisukari kisichodhibitiwa, wavutaji sigara ambao hatari ya vipandikizi vyao kushindwa ni takriban mara mbili, waliopigwa mionzi ya saratani kwenye taya, na wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa. Mwenye sukari iliyotulia anaweza kupandikiziwa. Mwenye fizi zinazotoka damu atibiwe fizi kwanza.

Kuhusu bei, tuseme wazi. Jino moja la kupandikiza hapa Dar es Salaam huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, maana titaniamu na vifaa vyake vinaagizwa nje. Mgonjwa aulize bima yake kabla hajakaa kwenye kiti. Asiye na uwezo huo asiondoke akijiona ameachwa: meno ya kuvaa yaliyotengenezwa vizuri yanamrudishia mtu chakula na tabasamu, na daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani yaliyosagwa, linafaa pale ambapo meno ya pande zote mbili tayari yameharibika. Ninachokikataa ni kusaga meno mawili mazima ili kuziba pengo moja, kisha kumwambia mgonjwa kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Tatizo ninaloliona likikua ni la baada ya upasuaji. Watu wanapandikiziwa India au kwingineko, wanarudi nyumbani, na baada ya miaka miwili jino linacheza. Huenda ni skrubu ndogo tu imelegea. Lakini kila kampuni ina bisibisi yake na vipimo vyake, na mgonjwa hana karatasi yoyote. Tunapiga eksirei na kukisia umbo. Mgonjwa yeyote anayeaga kwenda kutibiwa nje aambiwe arudi na kadi yenye jina la kampuni, upana, urefu na namba ya toleo. Nasi tunaopandikiza hapa tutoe kadi hiyo bila kuombwa.

Kipandikizi hakiozi, lakini ufizi na mfupa unaokizunguka huugua kimyakimya, bila maumivu, mpaka mfupa umeliwa. Kinataka mswaki mara mbili kwa siku, brashi ndogo ya kupita kwenye nafasi, na kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka.

Ombi langu kwa vituo vyetu halihitaji fedha. Kwenye kadi ya mgonjwa anayeng'olewa jino la ukubwani pawe na mistari mitatu: jino gani, ukuta wa mfupa umebaki au umevunjika, na ameelezwa nini kuhusu kuziba pengo. Anayetaka kipandikizi apewe rufaa siku hiyo hiyo, na tarehe ya kuonwa isizidi miezi 3. Naomba tukubaliane maneno ya mistari hiyo kabla ya chakula cha mchana.