Makaratasi ya Wazee Wetu Yamekwenda Wapi?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Ogwedhi, mwezi mtukufu wa Ramadhani)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, mwezi huu kila mmoja ameshika msahafu. Umewahi kujiuliza umekufikiaje? Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Abubakar (R.A.) alimwagiza Zayd bin Thabit (R.A.) aikusanye. Zayd akaitafuta kwenye vipande vya ngozi, mifupa, makuti ya mtende na vifua vya watu. Hebu fikiria, mwenye mfupa ule angeutupa eti nyumba imejaa takataka!

Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilitangaza kuwa kurasa mbili za Qur'ani zilizomo maktabani mwake zimepimwa, na ngozi yake ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645. Kwa miaka mingi kurasa zile zilikuwa zimeshonwa pamoja na za msahafu mwingine wa baadaye, hakuna aliyejua. Mpaka akatokea mtafiti mmoja akakaa, akazisoma, akaona mwandiko ni tofauti.

Sasa kijana ataniambia, hayo ni ya Ulaya, sisi watu wa Ogwedhi yatuhusu nini? Haya, twende Lamu, Kenya hii hii. Kwenye Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Saleh zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kuna vitabu vilivyoandikwa kwa mkono: fiqhi, nahau, maulidi na mengineyo. Ukifungua vingine unakuta mwenyewe ameandika kuwa kitabu ni wakfu. Yaani hakiuzwi wala hakirithiwi, ni cha wanafunzi wote watakaokuja. Mtu amekwisha kufa zamani, na thawabu bado zamwendea inshallah! Vitabu hivyo vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Vyenyewe vikabaki Lamu.

Mombasa mambo yalikwenda vingine. Muyaka bin Haji alikufa karibu na mwaka 1840, na mashairi yake mengi yakabaki vichwani mwa watu. Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na William Taylor. Taylor alikuwa mmishonari. Makaratasi yakaishia London, kwenye chuo cha SOAS. Simlaumu Taylor, kwani bila yeye labda leo tusingelikuwa na Muyaka wa kusoma. Lakini mbona ilibidi awe yeye?

Na sisi huku je? Ukienda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, utapata faili za wilaya ya South Kavirondo, ndilo jina la zamani la sehemu hizi zetu kabla ya kuitwa South Nyanza. Nenda kasome, ni haki yako kama raia. Ila ujue unayoyasoma yameandikwa na mkoloni, kwa macho yake. Sisi wenyewe tulijiandika wapi? Tulijiandika kwenye madaftari ya walimu wa madrasa, barua, vyeti vya ndoa, hati za urithi, orodha za michango ya kujenga msikiti. Vitu hivyo viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na mchwa anavila.

Niwaambie jambo ambalo bado laniuma. Nilipokuwa kijana tulipewa kazi ya kusafisha chumba cha madrasa moja kabla ya Ramadhani. Tukatoa gunia zima la makaratasi makuukuu. Kwa kuwa mlikuwa na aya, tukaona heshima yake ni kuyachoma, na kweli msahafu uliochakaa una taratibu zake. Lakini hatukutazama ndani. Jioni mzee mmoja akaja akauliza, "Daftari la marehemu mwalimu mmeliweka wapi?" Mlikuwa na majina ya wanafunzi wa kwanza kabisa, na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tukatazamana. Mzee hakutugombeza. Aliketi tu pale mlangoni mpaka adhana ya Magharibi, akafuturu kwa maji, akaenda zake.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kuchoma au kuzika, fungueni mtazame. Lililoandikwa kwa mkono liwekwe kando, pakavu, si sakafuni, bila gundi wala selotepu. Nyuma yake msiandike kitu kwa kalamu ya wino. Usiyeweza kuisoma herufi hiyo, kaa na babu au bibi akusomee ungali unaye.

Jumamosi baada ya Alasiri, aliye na karatasi ya zamani aje nayo msikitini. Tutaipiga picha kwa simu, tutaandika ni ya nani na ilitoka wapi, na mwenyewe atarudi nayo nyumbani.

Wabillahi tawfiq.