Kuacha Ajira kwa Ajili ya Biashara

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, vijana wa hapa Karatu huuliza: "Ustadh, niache ajira nianze biashara yangu, au niifanye baada ya saa za kazi?" Mmoja ni mpishi wa hoteli, anataka kulima vitunguu Mang'ola. Mwingine ni dereva wa wageni wa Ngorongoro, anataka gari lake.

Tutazame mwenendo wa Maswahaba. Abu Bakr (r.a.) alikuwa mfanyabiashara. Aliposhika ukhalifa, alitoka asubuhi na nguo zake begani kwenda sokoni, kwani familia yake ilihitaji kula. Umar (r.a.) akamzuia, na akapangiwa posho kutoka Baitul Mal. Zingatieni mpangilio: kwanza chakula cha nyumbani kilipatikana, kisha kazi ya zamani ikaachwa.

Mwaka 2020 umetufunza hayo. Ndege za kimataifa zilisimamishwa mwezi Aprili, na watalii nchini wakapungua kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kiasi cha 620,000. Aliyekopa gari akitegemea wageni peke yao, wageni walikatika na deni likabaki. Basi ipime biashara yako kwa masika, wakati wageni ni haba, si kwa Julai. Ikilisha nyumba masika, hapo aga kazini kwa wema na umtegemee Allah.

Kabla ya hapo, fanya vyote viwili, lakini kwa uadilifu. Saa za mwajiri ni amana. Mpishi anayepanga bei ya vitunguu kwa simu huku chungu cha mwajiri kinaungua, sehemu ya mshahara wake ina shaka.

Atasema: "Zamu ya maji shambani haisubiri likizo yangu." Ni kweli. Basi atafute mshirika. Umar (r.a.) na jirani yake Ansari walipokezana siku za kwenda kwa Mtume (s.a.w.), na kila mmoja akimpasha mwenzake yaliyojiri. Waandikiane mgawo wa faida mbele ya mashahidi, kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Enyi vijana, watoto wenu wana haki juu yenu. Msiwafanye wao kuwa mtaji wa kubahatisha.

Wabillahi tawfiq.